Walinzi wa Joto

Hita za zamani zilikuwa na sauti. Aliyewahi kulala chumba kimoja na tangi la maji ya chumvi miaka ya tisini anaikumbuka: tik moja kavu, kimya kidogo, kisha taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka ndani ya bomba la kioo na kutia wekundu kwenye ukuta wa nyuma, na waya uliozikwa mchangani unaanza kuvuma kwa chini kadiri unavyoshika moto. Baadaye tik ya pili, na taa inazima. Usiku wa Januari hapa Toronto, nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, dirisha limeshika barafu hadi upande wa ndani, sisi tuliotoka pwani tulilala sikio moja likiwa huko, kwa sababu tik isiyofuatwa na mwenzake ilikuwa na maana moja tu: kuna kitu kimekwama, na ukichelewa kuamka utayakuta matumbawe yamepikika.

Siku hizi tangi langu halina sauti. Likipata shida, simu ndiyo inayolia.

Mtu wa pwani amezaliwa ndani ya matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale pale Mombasa, za Lamu, za Unguja, kuta zake ni matumbawe na chokaa, na mtoto anazikwaruza kwa kucha akienda chuoni bila kufikiri kwamba jiwe lile liliwahi kuwa na uhai. Yaliyo hai ni wanyama, wadogo wadogo, maelfu wameshikamana juu ya mifupa yao ya chokaa, na ndani ya nyama yao mnaishi mwani unaowalisha na kuwapa rangi. Joto likizidi, mwani hutoka. Tumbawe hupauka na kubaki jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa kwa njaa. Ndiyo maana anayeyafuga nyumbani hushughulika na joto kabla ya mambo mengine yote. Wengi wetu huyashika maji baina ya nyuzi 25 na 27 na kujitahidi yasitoke hapo.

Bahari yenyewe haina joto moja, na sisi tuliolelewa kwa kaskazi na kusi hatuhitaji kuambiwa hilo. Machi, kaskazi ikishachoka, maji ya Nyali, kwetu Mombasa, hukaribia nyuzi 30, na kwenye vidimbwi vya mwambani wakati wa maji kupwa huwa moto zaidi ya hapo. Agosti, kusi ikivuma, hushuka hadi karibu 25, na wapiga mbizi hutoka majini wakitetemeka, wakitafuta kikoi na chai ya tangawizi. Safari hiyo ya nyuzi 5 bahari huifanya kwa miezi. Hita mbovu huimaliza kwa usiku mmoja.

Hita ya wakati ule ilikuwa bomba la kioo lenye kofia nyeusi ya plastiki, waya mnene ukitoka kichwani, na vinyonyo viwili vya mpira vya kuishikiza kwenye ukuta wa tangi, ambavyo maji ya chumvi yaliviharibu mapema vikawa vigumu na kuachia, ukaikuta hita imelala juu ya mawe. Nambari zilizochorwa kwenye kofia hazikuaminika. Uliweka 25, maji yakasimama 27, ukarudisha nyuma kidogo, ukangoja hadi kesho, ukatazama tena. Ya Kijerumani, Ebo-Jäger, ndiyo tuliyoiheshimu, kwa kuwa ungeweza kuirekebisha mpaka nambari yake ikubaliane na kipimajoto. Na kipimajoto chenyewe kilikuwa cha kioo, chenye spiriti nyekundu, au ule ukanda mweusi wa kubandika nje ya tangi ambao nambari zake zilibadilika rangi, kijani, buluu, kahawia, kila mtu nyumbani akizisoma apendavyo.

Aliyetufundisha wengi wetu alikuwa mzee mmoja wa Trinidad, fundi wa reli mstaafu, ambaye sebule yake kule Scarborough ilinuka chumvi na vumbi lililoungua juu ya transfoma za taa. Yeye hakuanza na kipimajoto. Alikunja mkono wa shati, akatia kiganja majini, akanyamaza, akataja nambari, na hapo ndipo sisi tulipotazama kipimajoto na kukuta amekosea kwa nusu digrii au hakukosea kabisa. Alitaka kila mfugaji mpya afanye hivyo asubuhi na jioni, juu ya maji, katikati, na chini karibu na mchanga, kwa sababu mkono uligundua mambo ambayo kipimajoto kilichobandikwa mahali pamoja hakikuyaona. Juu kukiwa na joto na chini kukiwa na ubaridi, pampu imesimama. Ubavu mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, mkondo umezibwa na jiwe. Tulijifunza, na kwa miaka mingi mikono yetu ilikuwa na harufu ya bahari hata ofisini.

Lakini mkono haukeshi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga aliyekuwa akiendesha teksi za usiku, alirudi alfajiri akakuta maji yana nyuzi 36. Konokono walikuwa wameanguka chini. Kangaja wake wa buluu, samaki aliyempenda kwa kuwa alimjua tangu utotoni kwenye nyavu za babake, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na matumbawe yalikuwa yakimwaga ute mweupe ulioning'inia majini. Chumba kizima kilinuka samaki aliyesahauliwa juani. Hita ilikuwa moja, ya wati 300, na taa yake ya chungwa ilikuwa bado inawaka.

Tuliifungua pamoja. Tuliizungushia taulo kuukuu, tukaipiga nyundo, tukamwaga mchanga mweupe laini juu ya gazeti. Ndani mlikuwa na waya wa kupasha moto uliosokotwa kwenye kigae, na juu yake ulimi mwembamba wa metali mbili zilizoshikanishwa mgongo kwa mgongo. Metali hizo zikipata joto, moja hurefuka kuliko nyingine, ulimi unapinda, vidoti viwili vya metali vinaachana na umeme unakatika. Maji yakipoa, ulimi unarudi, vidoti vinakutana, na cheche ndogo inaruka baina yake. Cheche hiyo, mara nyingi kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huuchimba uso wa vidoti na kuutia weusi, hadi siku moja huuyeyusha kidogo na kuviunganisha. Vya hita ile vilikuwa vimeungana kabisa. Rafiki yangu alijaribu kupitisha ncha ya kisu katikati, akashindwa, akakiweka kisu chini na kwenda kuwafunga samaki wake kwenye mfuko.

Hita inaweza kufa kwa njia mbili, na hazilingani. Ikifa ikiwa imezima, maji hupoa taratibu, na mtu ana nusu siku, pengine siku nzima, ya kugundua. Ikifa ikiwa imewaka, una saa chache tu. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walianza kukataa hita moja kubwa na kusisitiza mbili ndogo. Hesabu yake inaeleweka. Lita moja ya maji inataka karibu wati-saa 1.16 ili ipande digrii moja; tangi la lita 400, basi, linataka wati-saa zipatazo 465. Hita ya wati 300 iliyokwama katika chumba chenye joto la kawaida itapandisha maji usiku kucha hadi pasipo na kiumbe cha kustahimili. Hita ya wati 150 iliyokwama hufika mahali ikashindwa kuendelea, kwa kuwa joto linalopotea kupitia vioo na juu ya maji hulingana na lile inalotia. Mfugaji anakuta maji yamepanda, anaogopa, lakini samaki wanaogelea. Na ikiwa ndiyo imezima isiwake tena, ya pili inashika nusu ya kazi mpaka atakapofika.

Baadaye likaja sanduku la Ranco. Halikutengenezwa kwa ajili yetu. Lilikuwa la mafundi wa mabaridi ya maduka na vyumba vya kuhifadhia nyama, sanduku tupu lenye kioo kidogo cha nambari na waya mrefu wenye kihisi mwishoni, na mnunuzi aliunga plagi na soketi mwenyewe. Jumamosi mchana tulikutana kwenye meza ya jikoni ya mmoja wetu, watu wa Hong Kong, wa Poland, wa Trinidad, na sisi wa Mombasa na Tanga, bisibisi na koleo zimetawanyika, waya mweusi, mweupe na wa kijani umekatwa vipande, sambusa zinapoa kwenye karatasi, na yule aliyekuwa fundi umeme wa kweli anapita nyuma ya kila mtu kukagua kazi kabla ya chochote kuchomekwa ukutani. Sanduku lilipowashwa na nambari zikatokea, 25.3, watu walishangilia. Kwa mara ya kwanza uamuzi wa kuwasha na kuzima ulitoka ndani ya bomba la kioo, ukawekwa mahali pakavu penye kuonekana.

Sasa unanunua kidhibiti kilichokamilika, kama vile vya Inkbird, chenye soketi moja ya kupasha na nyingine ya kupooza. Unachomeka, unaweka nambari, basi. Ni rahisi kuliko tulivyolipa sisi kwa sanduku tupu, na nambari zake ni za kweli zaidi. Sambusa hazihitajiki.

Hata hivyo kidhibiti si mwisho wa mambo, na hapa ningependa wanaoanza wanisikilize. Ndani ya kidhibiti mna rilei, na rilei nayo ina vidoti viwili vya metali vinavyorushiana cheche. Ugonjwa ni ule ule, umehamishwa nyumba tu. Kwa hiyo mimi sijashawishika na hita za titani zisizo na thamostati yake, ingawa hazivunjiki na zinasifiwa sana. Kidhibiti chake kikikwama, hakuna wa kuisimamisha, na anayeitumia ni lazima aweke kidhibiti cha pili nyuma ya cha kwanza. Ninatumia hita mbili za kioo zenye thamostati zake, kila moja niliiweka 26.5, na mbele yake kidhibiti kilichowekwa 25.5. Siku zote kidhibiti ndicho kinachofanya kazi. Kikishindwa kuzima, thamostati za hita, ambazo hazijachoka kwa kuwa muda wote zimekuwa zimefungika bila kurusha cheche, huzima zenyewe digrii moja juu. Maji ya nyuzi 26.5 hayaui kitu.

Kihisi kifungwe mahali penye mkondo, kwa kamba ya plastiki, si kwa kinyonyo. Kikichomoka na kuning'inia hewani husoma baridi ya chumba, na kidhibiti, kwa uaminifu wote, kitapasha maji bila kukoma. Pampu ya kurudisha maji ikisimama na kihisi kiko tangi la juu, tangi la chini la kuchujia maji, lenye hita, huchemka huku la juu likipoa. Kwa hiyo nataka kihisi kiwe pale pale penye hita. Na maji ya tangi la chini yakipungua hadi hita ikabaki wazi, kioo hupasuka, kwa hiyo hita hulazwa chini, na ni nadra kusimamishwa wima. Plagi zote zipite kwenye soketi yenye kinga ya mkondo unaovuja. Tarehe ya kununua naiandika kwa wino mzito kwenye plasta iliyobandikwa kwenye waya, na baada ya miaka miwili hita hutoka hata ikiwa nzima. Kuna watakaosema ni ufujaji. Lakini mwaka 2011 hita zaidi ya milioni moja za kampuni kubwa ziliondolewa sokoni Marekani na hapa Kanada kwa hatari ya kupasuka na kuwaka moto, na wengi waliokuwa nazo walidhani zao ni nzima.

Kilichobadilika zaidi, na hakisemwi sana, ni taa. Zamani tulimulika matumbawe kwa taa za metali halaidi, wati 250 au 400 kila moja, zikining'inia juu ya maji na kutoa mwanga mkali wa mchana wa bahari, na mawimbi madogo ya uso wa maji yakiucheza juu ya mawe na juu ya dari mpaka mgeni aliyeingia akasimama akasahau kutoa salamu. Zilichoma. Wakati wa baridi zilikuwa nusu ya hita yetu, wakati wa kiangazi zilikuwa adui, na kila Julai tulifunga feni pembeni ya tangi ili upepo uyafanye maji yavukize na kupoa, tukiongeza ndoo ya maji matamu kila jioni. Mchana lilikuwepo jua, usiku likatua, maji yakapanda na kushuka digrii moja na nusu kila siku, na matumbawe yalikua.

Taa za LED ni baridi. Bili ya umeme imepungua, feni imewekwa stoo, maji hayapandi wala hayashuki, na hita sasa inafanya kazi mchana na usiku kwa miezi yote ya baridi. Ukiniuliza kipi kimepotea, nitakuambia ni yale mawimbi ya darini; kuna taa za LED zinazoyaleta, ila bado sijaona zinazoyaleta vile.

Umeme ukikatika ndipo mfugaji hujulikana. Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2003, muda mfupi baada ya saa kumi jioni, gridi ilianguka kutoka Ontario hadi New York, na watu wapatao milioni 50 wakaachwa gizani katikati ya kiangazi. Siku ile hita haikuwa na kazi. Hatari ilikuwa hewa, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na pampu zote zilikuwa zimesimama. Watoto walipewa zamu, kila mmoja na jagi lake, kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu yatoe mapovu, huku chupa za barafu zilizotoka kwenye friza iliyokwisha kuanza kuyeyuka zikielea tangini. Jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja Msomali, alipanda ngazi kuuliza kelele ni za nini, akaona, akashika jagi.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 22 Desemba 2013, mvua ilinyesha ikiganda kila ilipogusa, matawi yakalemewa na kuangukia nyaya, na hapa jijini peke yake wateja wapatao 300,000 wakakosa umeme, wengine hadi baada ya Krismasi. Tanuri za kupashia nyumba hutumia gesi, lakini feni ya kuusukuma ule moto ni ya umeme, kwa hiyo nyumba zilipoa saa baada ya saa. Niliondoa blanketi kitandani kwa watoto nikalizungushia tangi. "Baba Salma," mke wangu akaniita kutoka mlangoni, nami nikajua nimepatikana. Alikuwa ameshika blanketi la pili. Jiko la gesi liliwashwa kwa kiberiti, sufuria ikakaa juu usiku na mchana, maji ya moto yakaingia kwenye chupa za soda za lita 2, chupa zikafungwa na kutiwa tangini mbili mbili, zikitolewa kila zilipopoa. Nje, waliokuwa na inveta za gari waliwasha injini na kupitisha waya dirishani ili kuendesha pampu moja.

Na simu zilipigwa. Kila aliyebahatika kuwa na umeme alijulikana kabla ya jua kutua, na sebule yake ikajaa ndoo za watu, kila ndoo na jina lake kwenye plasta, matumbawe ya mtu wa Hong Kong pembeni ya samaki wa mtu wa Tanga. Yule mzee wa Trinidad, ambaye wakati huo hakuweza tena kuinua ndoo, alipita akitia kiganja katika kila moja na kusema ipi ipate chupa kwanza. Siku hizo hizo, katika jimbo hili, wapo waliowasha makaa na jenereta ndani ya nyumba ili wapate joto, na wengine wakafa kwa hewa ya sumu. Mtu aliyekulia kwenye jiko la makaa anajua hulali nalo umefunga dirisha, lakini baridi kali humsahaulisha mtu.

Leo chini ya tangi langu pana betri ya lithiamu ya wati-saa 1,000, ndogo kuliko sanduku la nguo, isiyonuka asidi. Wengi huinunua wakidhani itapasha maji. Haitapasha. Hita za wati 300 zitaimaliza kwa saa tatu na ushei, na maji yatakuwa yamepata nyuzi mbili tu, ambazo zitapotea kabla ya asubuhi. Pampu ya wati 15 itaenda na betri hiyo hiyo zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo betri nimeipa pampu, nayo inashika yenyewe umeme unapokatika, bila mtu kugusa. Joto nimeliachia blanketi, chupa, na jenereta ndogo inayokaa uani, mbali na dirisha.

Umeme ulipokatika mara ya mwisho nilikuwa kazini. Simu ilinijulisha, nikatazama nambari, nikaendelea na kikao. Niliporudi maji yalikuwa 25.1 na samaki walikuwa wakidai chakula. Hakuna aliyenipigia, wala sikumpigia mtu, kwa sababu kila mmoja ana betri yake. Viumbe wanaokufa ni wachache mno kuliko zamani, na kwa hilo sitaki kurudi nyuma hata siku moja. Kangaja wa rafiki yangu angeishi leo. Lakini wapo vijana wanaofuga matumbawe mazuri kuliko yetu ambao sijawahi kuiona sebule ya hata mmoja wao, na mmoja nilipomwomba atie mkono majini aniambie joto, alitazama simu.

Bahari ya kwetu nayo imebadilika, na hilo linaniuma kuliko vingine. El Niño ya 1997 na 1998 kila Mkenya anaikumbuka kwa mvua: Mombasa imefurika, barabara ya Nairobi imekatika, malori yamelala njiani kwa majuma. Wachache walijua kwamba miezi michache baadaye, chini ya maji, joto lilifanya kazi nyingine. Kwenye miamba mingi ya pwani yetu zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Mwaka uliofuata, 1999, ndipo lilipoanzishwa shirika la CORDIO, ambalo hadi leo lina ofisi Mombasa, kwa ajili ya kufuatilia msiba ule katika Bahari ya Hindi. Kupauka kukarudi 2016. Kukarudi tena 2024.

Machi ya mwaka huo mpwa wangu, anayepeleka watalii kwa boti kwenye hifadhi ya bahari, alinipigia simu. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu, habari za huko?" Akanyamaza kwanza. "Maji yamekuwa moto, mjomba. Matumbawe yanapauka, yale ya matawi yote meupe. Wageni wanadhani ndiyo uzuri wake, wanapiga picha." Kisha akauliza kama ya kwangu yamepauka pia. Nikamwambia hapana, yako sawa. Aliitikia kwa upole, na sikupata la kuongeza. Nilikuwa nimesimama mbele ya lita 400 zenye walinzi watatu wa joto, na yeye alikuwa akizungumzia mwamba mzima usio na hata mmoja.

Tangu siku hiyo nimefanya jambo ambalo hita ya zamani isingeweza. Kidhibiti changu cha sasa kina jedwali la mwaka, nafasi kumi na mbili, kila mwezi na joto lake, nacho huhama polepole kutoka moja hadi nyingine. Nimeacha kushikilia 25.5 mwaka mzima. Agosti naweka 25, Novemba maji yanaanza kupanda, Machi yako juu, kusi ikiingia yanashuka, na thamostati za hita nazisogeza kila msimu zibaki digrii moja mbele. Matumbawe yaliyolelewa kwenye joto lisilotikisika huwa laini. Ya Nyali yaliyobaki baada ya 1998, 2016 na 2024 ni magumu, na watafiti wanayafuatilia kwa sababu hiyo hiyo. Ya kwangu nayo yameonyesha rangi nzuri zaidi.

Nafasi kumi na moja nimezijaza bila shida. Ya Machi bado inanisumbua. Kwa kumbukumbu yangu ya ujana ningeandika 28.5; mpwa wangu hunitumia nambari za saa yake ya kuzamia, nazo ziko juu ya hapo. Nikiandika za kwake, nitaongeza robo digrii kwa mwaka na kuyatazama kila asubuhi, mkono majini, kabla ya kuongeza nyingine.